Magoti ya Mwenyekiti

Madam Wande,

Shikamoo. Najua safari hii hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijui kuanza kwa namna nyingine, ulinizoesha hivyo tangu nikiwa na sketi ya shule. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike hapo Ushirombo na sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu nimebanwa. Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, natakiwa nipige magoti kwenye mdomo wa duara letu, shimo letu la dhahabu, mbele ya watu wote, niombe radhi, halafu niseme wachimbaji washuke. Nikisema, watashuka. Na mimi kilichomo mle chini nimekiona kwa macho yangu. Wakishuka watakufa, Madam.

Ngoja nianzie mwanzo, maana ulikuwa humpendi mtu anayeanzia katikati. "Minza, nani kafanya nini?" Basi sikiliza.

Unakijua kikundi chetu cha akina mama. Tulianza kwa kuponda mawe kwa nyundo kando ya karasha za watu, zile mashine za kusaga mawe, vumbi mpaka kwenye meno, tukajichanga mpaka tukapata leseni yetu na duara letu wenyewe. Wanaume ndio wanachimba, sisi ndio wenye shimo. Na mwenyekiti ni mimi. Sikuchaguliwa kwa akili nyingi, tusidanganyane. Mama mmoja alisimama akasema, "Mama Shija hajawahi kumkaripia mtu," na mikono yote ikapaa. Nilivimba kichwa wiki nzima. Nilijiona nimerudi jukwaani, kidato cha nne, na lile taji la bati la kopo la mafuta ya kula.

Unaikumbuka siku ile? Mimi siisahau. Ulikuwa umerudi kutoka chuo kikuu na kichwa kimejaa michezo ya kuigiza ya Waingereza wa miaka mia nne iliyopita, ile ya enzi za malkia wao ambaye hakuolewa, na za mfalme aliyemfuata. Walimu wenzako walikucheka chumba kizima. Msichana wa Kisukuma wa Bukombe ameandika tasnifu nzima kuhusu malkia wa Kizungu, tena wa kutungwa! Hukujali. Ulituambia kwamba wanawake wa wakati ule hawakuruhusiwa kupanda jukwaani, kwa hiyo malkia wote wale wema, wapole, wenye kulia vizuri, walikuwa wavulana waliovalishwa magauni, na kila neno walilosema lilitungwa na mwanamume. Tulicheka mpaka machozi. Ukasema, "Basi leo tutawalipizia. Wafalme watakuwa wasichana wenye ndevu za katani."

Ukatutungia mchezo wako mwenyewe kwa mtindo wao. Mimi malkia. Waziri wangu kanisaliti, kauza ngome kwa adui, washauri wote wanapiga kelele akatwe kichwa. Mimi nashuka kitini taratibu, nasimama mbele yake amepiga magoti, nanyamaza kidogo, halafu namshika mkono namwinua. "Nimekusamehe." Halafu namkabidhi kaka yangu taji kwa hiari yangu, maana mwanamke mwema hang'ang'anii kiti. Wazazi walisimama. Vigelegele! Baba yangu, mtu asiyecheka hata na ng'ombe wake, alilia.

Kesho yake darasani ukatuuliza swali moja tu. "Yule waziri aliyesamehewa, asubuhi yake alifanya nini?" Mimi nikajibu kwa kujiamini, "Mchezo uliisha, Madam." Ukasema, "Ndiyo. Ndiyo maana ulipendeza." Sikuelewa hata punje. Nilikuwa nasikia vigelegele tu masikioni.

Sasa, huku machimboni mwanamke hashuki duarani. Ni mwiko. Hata kuusogelea mdomo wa shimo hawataki, wanasema dhahabu inakimbia, jiwe linabaki jiwe. Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa mwenyekiti wa shimo ambalo sijui lina rangi gani ndani. Kila jioni Masanja, msimamizi wetu, ambaye ni shemeji yangu kwa upande wa marehemu mume wangu, alikuwa anakuja kunipa taarifa. Chini kuko salama, mayu. Chini kuzuri, mama. Mimi natikisa kichwa kama ninayejua.

Ulikuja mwezi wa kwanza, umepanda bodaboda na fimbo yako ya kutembelea, magoti yameshavimba. Nilikupikia chai ya maziwa. Ukakaa, ukatazama kule duarani, ukaniuliza, "Umeshuka?" Nikakwambia mwanamke hashuki. Ukanitazama kwa jicho lile lile la darasani. "Basi wewe ni malkia wao, Minza. Wamekutunga."

Nilikasirika! Nilikwambia umestaafu, huna anayekutegemea, uniache na watu wangu. Mimi, kukwambia hivyo wewe! Ulimaliza chai, ukakunja kanga yako, ukasema, "Haya, mwanangu." Hukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwezi wa tatu presha ikakuchukua. Msibani nililia mpaka wakanishika mikono, watu wakasema, tazama anavyompenda mwalimu wake. Ilikuwa aibu, Madam. Nilikupenda, ndiyo, lakini kilio kile kilikuwa cha aibu.

Siku ya kuanua matanga binti yako alinipa daftari lako lile la jalada gumu. Akasema umeacha maneno kwamba ni la Minza. Nililifungia sandukuni, nikaogopa hata kulifunua.

Halafu mwezi wa tisa akaja Lushinge. Mchimbaji wetu, kijana mwembamba, mume wa Nkamba, mtu wa maneno machache. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Mayu," akasema, "wanang'oa matimba ya juu wanakwenda kuyapiga chini." Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisije zikamwangukia mtu. Miti imekuwa shida siku hizi, ukikutwa na gogo la msitu wa hifadhi unakamatwa. Masanja akaona njia ya mkato: anachomoa magogo nyuma ya watu wanaposhuka, anayatumia mbele. Shimo linakwenda chini, juu yake hakuna kinachoshika.

Nikaitisha mkutano. Nakuapia nilikuwa na nia nzuri. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akina mama upande huu, wachimbaji upande ule. Masanja akaja katikati akapiga magoti. Mwanamume mzima, Madam, mwili kama mlango, machozi yanamtoka. "Mayu, nimekosa. Shetani kanipitia." Unajua moyo wangu ulifanya nini? Ulicheza ngoma. Nilishuka kitini taratibu. Nikasimama mbele yake. Nikanyamaza kidogo kwanza, kama ulivyonifundisha, ili watu washike pumzi. Nikamshika mkono nikamwinua. "Nimekusamehe."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Akina mama walinifunika kanga. Hakuna aliyeuliza kuhusu matimba. Hata mimi sikuuliza! Lushinge alibaki amesimama nyuma peke yake, na kuanzia siku ile wenzake wakamwita mchongezi. Masanja akampanga kazi ya chini kabisa, mwisho wa shimo. Akaenda, angefanya nini, ana mtoto wa kulisha.

Siku ya tisa ukuta ulishuka. Walimtoa kesho yake.

Msibani kwao nililia tena, mimi bingwa wa kulia. Mzee mmoja akasimama kusema nasaha, akasema kikundi hiki kina bahati, kina mama mwenye huruma. Watu wakaitikia. Mama yake Lushinge akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa sanda na kwa unga. Alinishukuru mimi, Madam! Nilitamani ardhi inimeze. Lile swali lako la darasani likanirudia pale pale, mbele ya jeneza, na jibu nilikuwa nalo. Yule waziri aliamka asubuhi akaenda kung'oa matimba yaliyobaki.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari lako. Nimelisoma mara tatu. Mwandiko wako mdogo ule, wino wa kijani. Umewaorodhesha malkia wema wa michezo ile, na kila mmoja umeandika anasifiwa kwa nini. Huyu kwa kuvumilia mume anayemsingizia. Huyu kwa kuwaombea maadui zake. Huyu anashuka toka juu kama mungu, anapatanisha wagomvi kwa maneno manne, anaondoka. Yule aliyekusanya jeshi mwenyewe wakamwita mnyama. Chini umeandika: "Wote wanasifiwa kwa wasichokifanya. Miisho yao ni miwili, kusamehe au kufa vizuri." Na pembeni, kwa herufi kubwa, umeandika kwamba yule malkia wa kweli alikuwa amekaa ukumbini anatazama, anawapigia makofi, na asubuhi alirudi mezani kwake kuweka sahihi mambo ambayo hakuna malkia wa mchezoni angeyagusa. Sisemi kwamba napenda sahihi zake zote. Wewe pia hukusema. Umeandika tu: "Huyu walimwogopa, kwa hiyo hawakumtunga. Walitunga wa kumfundisha adabu."

Ningekuwa nimelisoma mwezi wa nne, Lushinge angekuwa anakula ugali saa hizi. Hilo nalijua na nitakufa nalo.

Jumanne iliyopita, duara limesimama kwa ajili ya msiba, Nkamba akanijia. Hakulia. Akasema anataka kujua mume wake alifia mahali gani. Nikamwambia ngoja nikuangalizie. Mchana ule wanaume wote walikuwa mwaloni, kule kwenye maji, wanaosha mchanga wao wa zamani. Nkamba na mama mkwe wake wakashika winchi, lile gogo la kuzungusha kwa mikono lenye kamba, na mimi nikafunga tochi kichwani, nikakunja gauni, nikakaa kwenye kamba. Nilishuka.

Kuta zina mashimo, Madam. Pale yalipokuwa magogo kuna mashimo matupu, moja baada ya moja, kama ufizi uliong'olewa meno. Nusu ya njia kuna ufa, nimeingiza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko na sijafika mwisho. Mvua za vuli zimeanza na maji yanachuruzika humo ndani ya ufa. Niliyasikia. Na chini kabisa, pale alipofia Lushinge, kuna magogo mapya meupe yamepangwa vizuri, yanapendeza. Nilijikojolea, nakwambia wewe tu. Nilivuta kamba mara tatu wanipandishe.

Jioni ile nikatangaza duara limefungwa. Sikuuliza mtu. Nikapiga simu ofisi ya madini, wakasema mkaguzi atakuja Jumatatu.

Ee bwana, hapo ndipo nilipojua mapenzi ya watu yana unene gani. Kuna mtu aliniona nikipanda kutoka shimoni. Masanja akaenda kwa mganga, akarudi na majibu: dhahabu imekimbia kwa sababu mwanamke kashuka, tena mwanamke mjane, na Lushinge hakuuawa na ukuta, aliuawa na mtu mwenye nia mbaya aliye juu. Dawa yake ni kondoo mweusi, halafu mwenyekiti apige magoti mdomoni mwa shimo, aombe radhi, na kwa kinywa chake mwenyewe aseme washuke. Lazima niseme mimi. Hawataki kunipindua, wananitaka pale pale kwenye kiti.

Akina mama wenzangu walikuja jana, wote, wakajaa uani. Wananibembeleza kabisa, wengine wanalia. "Mama Shija, ni magoti tu. Si tunawapigia wakwe zetu kila siku?" Ni kweli, tunapiga. Mimi mwenyewe nimepiga magoti kusalimia tangu najifunza kutembea, wala si dhambi. Mmoja akaniambia, "Utapendeza sana, mama. Watu watakupenda kuliko mwanzo." Alisema kwa moyo mweupe.

Tangu jana hiyo watoto wa jirani hawaji kuchota maji kwangu. Shikamoo zimekwisha. Nikipita, watu wanakumbuka kazi waliyoisahau ndani ya nyumba. Leo asubuhi nimekuta kuku mweusi mlangoni, hana kichwa. Na kwenye kibanda cha chai mtu kasema siku hizi macho ya Mama Shija yamekuwa mekundu kama ya mchawi. Ni moshi, Madam, moshi wa miaka thelathini ya kupika, lakini unajua huku kwetu neno hilo likishasemwa juu ya mwanamke mjane linakwenda wapi. Wewe ulizika shangazi yako kwa neno hilo hilo.

Naogopa. Wacha niliseme wazi. Nimefikiri kukimbilia Kahama kwa dada yangu, bodaboda ni nusu saa tu mpaka barabara kubwa. Lakini nikiondoka, kesho watamkalisha mwingine kwenye kiti wampigishe magoti, atasema washuke, na watashuka kwa furaha, wamekula na nyama ya kondoo.

Kwa hiyo wamenipa miisho ile ile miwili ya daftari lako. Nisamehe tena, nisamehewe na mimi, tukumbatiane, vigelegele. Au nikatae wanikate mapanga, halafu miaka ijayo waseme alikuwa mama mwema, alikufa vizuri. Sitaki, Madam! Sitaki kufa vizuri. Nataka niwe hai Jumatatu, mkaguzi akija nimpeleke nimwonyeshe ule ufa.

Nimekaa na hili asubuhi nzima. Nikaona, wanachokitaka ni maneno yangu, na maneno nimeshawapa mengi maishani. Saa sita mchana Masanja na watu wake karibu wote walikwenda kwa mganga kuchagua kondoo. Nikachukua shoka. Nikampitia Nkamba na mama mkwe wake. Sikuwaeleza sana, nilimwambia yule mama kitu kimoja tu, kile ambacho nilipaswa kumwambia siku ya msiba: kwamba mwanawe alikuja kunionya, na mimi nikamsamehe aliyemuua kabla hajamuua, kwa sababu nilipenda kupigiwa vigelegele. Nilidhani atanipiga. Akaniambia, "Lete shoka."

Tumeikata winchi, Madam. Nguzo zote mbili na gogo la kati. Kamba tumeikata vipande vipande. Tukafunga mizigo mitatu, tukajitwika vichwani, tukapita nayo katikati ya kitongoji, tumewapita hata vijana wawili wa Masanja wanaolinda njia. Hawakutuuliza chochote. Wanawake watatu wamebeba kuni, nani anageuka kutazama?

Kutengeneza nyingine kunahitaji magogo makubwa, na magogo ndiyo hayo hayapatikani. Itawachukua siku tatu au nne. Mimi nazihitaji mbili.

Nisamehe kwa yale maneno ya mwezi wa kwanza. Nakuomba hivyo nikijua kwamba huwezi tena kunijibu, na labda ndivyo inavyotakiwa, nisijibiwe haraka. Nakuahidi kesho nitakwenda pale saa tatu, nitasimama kwa miguu yangu, na nitalitaja jina la Lushinge na la aliyeng'oa matimba, na la mimi niliyenyamaza. Kusamehe wataamua Nkamba na yule mama, kifo kilikuwa chao. Na kama nisipofika kesho, Nkamba anazo namba za mkaguzi na anajua ufa uko urefu wa kamba kiasi gani.

Pikipiki zimesimama nje. Tatu. Hapana, nne. Masanja anaita hodi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya jioni. Nkamba na mama mkwe wake wako hapa na mimi, hawakutaka kuondoka. Lala salama, Madam wangu. Maharage yameiva. Nitawakaribisha waketi, nitawapakulia kwanza, na wakiuliza winchi iko wapi nitawaambia wainame watazame chini ya chungu.

Mwanao,
Minza